Njia Mbili za Tamar Katungu

Kuna methali wanayoipenda sana wakubwa: mshika mbili, moja humponyoka. Methali hiyo, nadhani, aliitunga mtu ambaye hakuwahi kufanya biashara Butembo. Kwetu anayeshika moja ndiye wa kuhurumiwa. Mfanyabiashara wa Butembo akinunua vitenge, nusu anaipakia kwenye lori la shemeji yake, nusu kwenye lori la mtu asiyesalimiana naye hata kanisani, ili lori moja likichomwa njiani, jingine lifike. Wageni wanasema ni tamaa. Sisi tunasema ni akili ya nyumbani, na Tamar Katungu alikuwa nayo tangu utotoni.

Alizaliwa Alimbongo, kwenye barabara kuu inayotoka Goma, ambako baridi ya asubuhi inauma vidole na kila mlango una gunia la viazi mbele yake. Mama yake aliuza viazi na vitunguu kwa madereva. Mvua ikikata barabara upande wa kusini na malori yasije, mama huyo hakukaa kulia. Alipakia magunia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, akatafuta wanaume wawili wenye miguu ya nguvu, akayateremsha upande wa kaskazini. Watoto wakimwuliza barabara itapona lini, alijibu kwamba viazi havingoji daraja. Tamar alikua akiamini kwamba njia iliyokufa haililiwi, inazungukwa.

Kabla ya vita vya kwanza alifanya kazi ya fonie, redio ya kuitana mbali, mjini Butembo. Simu hazikuwepo. Tajiri aliyetaka kujua lori lake limelala wapi alikuja, akaketi kwenye benchi, Tamar akaita kwenye redio. Kama hakuisikia Goma, alimwita mwenzake wa Alimbongo, yule akamwita wa mbele yake, na neno likafika hivyo hivyo, limechoka lakini limefika. Kila asubuhi watu wa fonie waliambiana nani anamsikia nani. Wanajeshi waliopita mwaka wa 1996 waliichukua fonie yake wakasema wanaiazima. Mpaka leo wanaiazima.

Vita vya pili vilipokuwa vimekwisha kuzoea kukaa kwetu, kama mgeni asiyejua kuaga, wafanyabiashara walichoka kuishi gizani. Wakakutana na makanisa ya Kiprotestanti na parokia za Kikatoliki, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa ya kupiga kengele, wakachanga, wakajenga nyumba ndogo na mnara huko Rughenda, juu ya uwanja wa ndege. Mji upate intaneti. Wakamtuma Tamar Kampala akajifunze, akarudi na mashine bapa, ukubwa wa Biblia ya mimbarini, ambayo mafundi wanaiita ruta. Alikuwa amepita miaka arobaini, ana watoto wanne, na mumewe Ananie, kiongozi wa kwaya, alianza kutambulishwa mjini kama mume wa mama wa mtandao. Hakukasirika, au alikasirika kimya kimya.

Mashine ile ilikuwa na desturi moja ambayo Tamar aliipenda tangu siku ya kwanza. Mafundi wanaiita BGP, herufi tatu za watu wa mbali, lakini yeye aliiona fonie imefufuka. Mji ulikuwa na namba yake wenyewe, kama jina la ukoo. Ruta ya Rughenda iliwatangazia majirani zake, yaani kampuni mbili zilizouuzia mji intaneti: mwenye kutafuta Butembo na Beni apitie huku. Majirani wakawaambia majirani zao, mpaka habari ikazunguka dunia. Na majirani hao walisalimiana bila kuchoka. Jirani akikaa kimya kwa muda, asijibu salamu, ruta haikungoja barua ya msiba. Iliifuta njia ile, ikapeleka kila kitu kwa njia nyingine.

Kazi ya Tamar ilikuwa kugawa mzigo. Kinachotoka mjini ni rahisi, unakisukuma mlango unaoutaka. Kinachoingia ndicho kigumu, kwa sababu huwezi kuiamuru dunia ipite wapi. Unaweza kuishawishi tu. Basi nusu ya mji aliitangaza zaidi upande mmoja, nusu upande wa pili. Mlango ukilemewa, aliiandika namba ya mji mara tatu mfululizo kwenye tangazo la upande huo, ili njia ile ionekane ndefu na wageni waichague nyingine. Ni ujanja wa mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwamba kwa uani kuna tope. Siku ilipokwenda sawasawa, kila upande ukibeba nusu yake, Tamar alikuwa akiimba peke yake ofisini, na aliimba vibaya.

Mwaka wa 2002 ulipokuwa unaelekea kuisha, vita viliwaka upande wa magharibi, kule msituni. Watu walitoka huko kwa miguu, familia nzima, wakafika Mbau na Oicha wakiwa na godoro kichwani au bila kitu chochote. Katika kituo cha afya cha Mbau alikuwako muuguzi mmoja, Providence, ambaye kila siku aliandika kwa watu wa mbali: nani amefika, wametoka kijiji gani, wameona nini, dawa gani imekwisha. Barua zake zilipita kwa antena ya Beni, zikaja Rughenda, zikatoka. Tamar hakuzisoma, lakini alijua zinapita, na alijua zikikwama kitatokea nini. Kijiji kikichomwa na asiwepo wa kuandika, wakubwa husema hakikuwepo.

Ndipo Commandant Henri alipomwita Tamar aende Beni. Huyo alikuwa mkuu wa mawasiliano wa waasi waliotawala upande wetu, mtu wa sare iliyopigwa pasi na sauti ya upole, na upole wake ndio uliowatisha watu. Alimpokea ofisini kwake ndani ya kambi, akamvutia kiti.

“Ikala, Mama Tamar. Nasikia uko na ligne mbili kule Rughenda.”

“Mbili, mon commandant.”

“Juu ya nini mbili? Batu ba Butembo benye biko na mashine ya ordinateur ni bangapi? Miye niko na antenne hapa mu camp, rafiki yangu mumoja njo aliileta. Utapitisha batu bote humu. Zile zingine utafunga.”

“Na siku antenne yako itakufa?”

“Haitakufa.”

“Na siku weye mwenyewe utataka ikufe?”

Commandant alitabasamu, akapanga mkasi na kalamu zake mezani zikae mstari mmoja. “Mama, bazee balisema: mushika mbili, moja inamuponyoka.”

“Balisema, ndiyo. Mais habakusema mwenye iko na moja, ile moja ikimuponyoka, anabakia na nini.”

“Hapana fanya kichwa nguvu. Niko naomba vizuri.”

“Nimesikia unaomba vizuri. Na miye najibu vizuri. Hapana.”

“Hapana nini?”

“Hapana tu, mon commandant. Ile ligne iko ya mji. Haiko ya kwangu, sitaweza kukupa kitu ya batu.”

Akaaga kwa heshima zote, akatoka. Msiniambie alikuwa hana hofu. Alikuwa nayo tele, njia nzima mpaka Butembo. Lakini hasira ilikuwa imeketi mbele na hofu imeketi nyuma, na anayeketi mbele ndiye anayeona barabara.

Commandant hakumfuata. Alifanya jambo la akili zaidi. Alituma askari kwenye kilima kilicho kando ya barabara ya Kasindi, kwenye mnara uliopokea mawimbi kutoka ng’ambo ya mpaka, wakamfukuza mlinzi, wakazima jenereta, wakaketi hapo kucheza karata. Njia ya kwanza ya mji ilikufa saa ile ile. Tamar, kule Rughenda, aliona salamu hazijibiwi, akakunja mikono akingoja mzigo wote uhamie njia ya pili. Ni kwa ajili ya siku kama hiyo njia ya pili iliwekwa.

Njia ya pili nayo ilikuwa imekufa.

Aliangalia waya, akaangalia betri, akazima na kuwasha, akaomba Mungu, akaangalia waya tena. Hakuna. Mji mzima kimya, na Beni, na Mbau. Njia ile ya pili aliinunua kwa Paulin, mtu wa kampuni nyingine kabisa ya Kampala, muungwana aliyeimba besi katika kwaya ya Ananie. Tamar alivua kandambili, akavaa viatu, akaenda dukani kwake.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, maana msipoijua mtamwona Tamar mjinga. Butembo unaweza kumwuliza mfanyabiashara habari za ugonjwa wa mkewe. Unaweza kumwuliza kwa nini mwanawe alifukuzwa shule. Lakini humwulizi vitu vyake anavitoa wapi wala vinapitia wapi. Hiyo ni siri ya biashara, na kuiuliza ni kama kuingia jikoni kwa mtu ukafunua sufuria. Tamar alilelewa vizuri. Siku aliyonunua njia ya Paulin aliuliza kasi, aliuliza bei, wakaomba pamoja, wakashikana mikono. Sasa ilimbidi awe mtu asiye na adabu.

“Paulin, ligne yako inapitia wapi?”

Paulin aliweka chini kitambaa alichokuwa anapimia mteja. “Dada Tamar, ile ni maulizo ya namna gani?”

“Ya mutu mwenye mji yake imekufa. Inapitia wapi?”

Yule mteja aliona mambo yanaanza kuwa ya aibu, akajifanya kukumbuka kitu nje. Paulin alimngoja aondoke. “Inapitia ku pylône ya barabara ya Kasindi,” akasema.

“Ile ile ya ligne ya kwanza?”

“Ule upande kuko pylône moja tu. Nilipanga nafasi juu yake, chini kidogo ya antenne ya bale bengine. Haukuniuliza.”

“Ningekuuliza, ungenijibu?”

Paulin alifikiri, na kwa sababu alikuwa Mkristo wa kweli alisema kweli. “Hapana.”

Tamar hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Alirudi Rughenda akipanda kilima polepole, akijiona mjinga wa hadhara. Mji ulimwamini kuwa ameupa njia mbili, naye alikuwa ameupa majina mawili ya njia moja. Askari wanne na pakiti ya karata wametosha kuuzima. Aliketi kwenye ngazi za ofisi, akalia kwa hasira, akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge, halafu akaanza kufikiri ni nani mjini ana kitu kinachotazama mbinguni na hakiegemei kilima chochote cha mashariki.

Alikuwepo mmoja. Papa Lusenge, Mkatoliki, tajiri wa kahawa, alikuwa na sahani kubwa ya setilaiti juu ya paa la ghala lake. Aliiweka zamani ili asome bei za kahawa za Ulaya. Vita viliiua kahawa, lakini sahani hakuikata, kwa kiburi tu. Mji ulipochanga kujenga Rughenda yeye alikataa, akasema mwenye kisima hachangii bomba, na tangu hapo hakuwa na maneno mazuri na Tamar. Alikuwa mlangoni mwa ghala, tumbo mbele, mikono kifuani.

“Wavukire, Papa Lusenge. Ile sahani yako ya juu, iko nazungumuza na wapi?”

“Mama, hata haujaikala.”

“Nitaikala ukishanijibu. Iko nazungumuza na wapi?”

“Weye mama, bazazi bako habakukufunza? Nitakuonyesha siri ya kazi yangu, kesho uninyanganye bateja?”

“Kahawa yako haina tena bateja, papa. Vita ilibakula bote.”

Lilikuwa neno kali, na Tamar alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Lakini halikuwa la uongo. Tumbo la Lusenge likaanza kutikisika, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akamwita wapande wote ngazi ya paa, akanyoosha mkono juu, upande wa magharibi.

“Inaenda mu mbingu, inashukia ku Bulaya. Kilima ya Uganda haigusi hata moja.”

“Hata pylône?”

“Hata muti.”

Ndipo Tamar akaketi, pale pale juu ya bati lenye joto, akamweleza kila kitu: Commandant, kambi, kilima, barua za Mbau. Lusenge hakumkatiza. Mwisho aliuliza kitu kimoja tu, kama Commandant ataukasirikia mlango wake pia. Tamar alimjibu kwamba ndiyo, bila shaka. “Basi,” mzee akasema, “kumbe nitachanga.”

Tamar aliwaandikia wenye njia ile huko Ulaya kupitia sahani hiyo hiyo, akawaomba wautangaze mji kwa namba yake. Walijibu kwa maswali mengi ya karatasi, akajibu yote, wakakubali. Siku njia ilipofunguka, mashine ya Lusenge ilipotoa salamu ya kwanza ikajibiwa kutoka ng’ambo ya bahari, Tamar alipiga kigelegele peke yake ghalani katikati ya magunia matupu. Njia ilikuwa nyembamba, mzigo wa mji mzima usingepita. Kwa hiyo alipanga foleni: hospitali na vituo vya afya kwanza, ujumbe wa malori pili, picha na muziki vingoje. Vijana wa siber, zile nyumba za kulipia intaneti, walinung’unika. Aliwaambia waende wakacheze mpira.

Commandant aliposikia kwamba Butembo inaongea na huku mnara ameukalia yeye, alifikiri wanamdanganya. Baada ya siku chache aligundua pia kwamba amejifunga mwenyewe, kwa sababu watu wake wa forodha Kasindi walitumia mnara ule ule. Akauwasha. Hakutoa maelezo, na hakuna aliyemwuliza. Sasa Tamar alikuwa na njia mbili za kweli, na hakurudia kosa. Mashine ile ya Lusenge aliiacha ghalani iwe ruta ya pili, ijue kila kitu ambacho ruta ya Rughenda inakijua, na antena za wateja akazifundisha kutazama pande zote mbili, Rughenda na ghalani. Nusu ya mji ilipita Rughenda ikaelekea Kasindi, nusu ilipita ghalani ikaelekea mbinguni, na kila moja ilikuwa tayari kumbeba mwenzake mgongoni. Alikwenda kuwauliza hata waliomuuzia mafuta: yanapitia wapi? Alipata sifa ya kukosa adabu, akaizoea.

Asubuhi moja jeep ilipanda Rughenda. Commandant mwenyewe, na askari watatu. Hakukaa.

“Andika mot de passe, neno ya siri ya ile mashine.”

“Sitaandika.”

“Mama, miye siko nacheza tena.”

“Na miye tangu kule Beni sikukuwa nacheza.”

“Basi nitabeba mashine, na weye nitakutupa ku cachot.”

“Unibebe. Ngoja nivae viatu.”

Askari waling’oa ruta kama watu wanaovuna muhogo, waya zikabaki zinaning’inia ukutani. Tamar alikuwa amejiandaa kwa jambo hilo, hata hivyo aliumia kuliko alivyotazamia, akageuza uso wasimwone. Alipopita mlangoni hakugusa kitu chochote. Hakuwa na haja: ruta ya ghalani ingejua yenyewe la kufanya.

Mahabusu ya Beni ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya maji, na wanawake wengine wawili waliofungwa kwa makosa ambayo hata askari waliyasahau. Walimpa nafasi kwenye ubao mkavu. Usiku huo hakulala kwa sababu ya wazo moja: je, alikosea tena? Je, ghalani pia kuna kitu hakuuliza? Akiwa amekosea, Mbau imenyamaza, na yuko humu bure. Aliogopa wazo hilo kuliko alivyomwogopa Henri.

Kesho yake Ananie alileta ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Askari alichovya kidole kwenye sombe, akaonja, akairuhusu. Ananie, mtu wa kwaya asiyejua ruta wala sahani, aliinama karibu na nondo za mlango.

“Providence wa Mbau iko nakusalimia,” alisema. “Ameandika asubuhi ya leo. Alipata jibu.”

“Leo? Uko hakika?”

“Leo, mama. Jana mutandao ilikatika kidogo tu, batu banasema kama mutu mwenye anakohoa, na ikarudi. Sasa inatembea polepole, mais inatembea.”

Tamar alikula ule ugali wote, akagawia wenzake nusu ya sombe, na moyo wake ukatulia kabisa. Sasa wangeweza kumfunga hata mwaka.

Mchana Commandant alikuja. Upole ulikuwa umemtoka. Ruta ya Rughenda ilikuwa mezani kwake, kavu kama jiwe, na Butembo bado inaongea.

“Zima,” akasema.

“Nizime nini? Mashine uko nayo weye. Miye niko mu cachot yako.”

“Kuko ingine. Iko wapi?”

“Mon commandant, kwetu Butembo hatuulizake mutu bintu yake inapitia wapi. Ni kukosa adabu.”

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akajifanya anakohoa. Commandant aligonga nondo kwa kiganja, akaenda zake. Alituma watu Butembo wakatafute, lakini sahani, nyingi za televisheni tu, zilikuwa juu ya mapaa mengi siku hizo, nzima na mbovu, na kila mwenye paa aliyeulizwa alikasirika kwelikweli kwamba anaulizwa siri za biashara yake. Kwa mara hiyo desturi yetu ilifanya kazi nzuri.

Na huko nyuma Papa Lusenge alikuwa amewatembelea matajiri wenzake mmoja mmoja, Waprotestanti kwa Wakatoliki. Hakupiga siasa. Aliwaambia tu kwamba lori halitembei bila habari, na mama wa habari amefungwa. Kesho yake lori la Butembo hata moja halikwenda Kasindi. Madereva walilala chini ya magari wakisikiliza redio. Kesho kutwa vile vile. Kizuizi cha forodha, ambacho ndicho kilichowalisha waasi na kuwavisha, kilikaa wazi kikipitisha mbuzi na upepo. Wakubwa wa Henri walimwita, wakamwuliza kwa sauti ambayo kambi nzima iliisikia ni mwanamke gani huyo aliye ghali namna hii.

Alikuja mahabusu akafungua kufuli mwenyewe.

“Toka. Uko huru.”

Tamar aliketi kwenye ubao wake. “Sitoki.”

“Unasema?”

“Mulinichukua na mashine ya mji. Sitarudi ku batu mikono mitupu. Itarudi nami.”

“Nitatuma askari bakuletee.”

“Balikuwa banaing’oa sawa muhogo. Hapana, hao siwapi. Utaibeba weye mwenyewe, mpaka ku Rughenda.”

Askari aliyekuwa nyuma ya Commandant alianza kuutazama ukuta kwa bidii. Henri alisimama na kufuli mkononi. Angeweza kumpiga, Tamar alijua, akajikaza mabega. Angeweza kumburuta nje kwa mguu. Lakini malori yalikuwa bado yamelala, na wakubwa wake walitaka yaamke siku hiyo, na njia zote nyingine alikuwa amezifunga mwenyewe. Aligeuka, akatoka. Jeep ikawashwa.

Walifika Rughenda jua lingali juu. Watu walikuwa wamesikia, maana habari haikuwa na kizuizi, nao wamejipanga kando ya uwanja wa ndege kama wanaongoja ndege ya askofu. Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama tu, na hilo lilimwumiza Commandant zaidi. Alipanda zile ngazi na ruta kifuani, jasho likimtoka kwenye kola iliyopigwa pasi, na Tamar akiwa mbele yake bila kugeuka nyuma.

“Weka pale,” alimwambia, akamwonyesha meza.

Akairudisha mwenyewe, waya kwa waya, akipuliza vumbi. Akawasha. Wakangoja. Henri hakuondoka, labda alitaka kuona ni kitu gani hasa kilichomshinda. Ruta ikatoa salamu upande wa Kasindi, ikajibiwa. Ikatoa salamu kwa mwenzake wa ghalani, ikajibiwa. Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili, wa ghalani uko juu umebeba mji mzima, wa Kasindi umelala chini. Taratibu wa chini ukaanza kupanda, na wa juu ukaanza kushuka, mpaka ikakaa sawa, ubavu kwa ubavu, kila mmoja na nusu yake.

Commandant aliinama karibu. Alitazama mstari wa kwanza, akatazama wa pili, akatafuta chini yake kama kuna mwingine.

“Na ligne yangu iko wapi?”

“Yako haiko, mon commandant,” Tamar akasema.